Siku tano za kwenda Farmville: "Na wale watoto walikwenda wapi?"

Ni majuma matatu sasa tangu nirudi Nakuru. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu, ambalo kurasa zake za mwanzo zililowa mvua ya Richmond, na kwenye picha za simu, zikiwemo za risiti nilizopiga ili nisisahau bei.

Nianze na sababu ya safari. Baba yangu alizaliwa 1941 karibu na Githunguri. Alikuwa darasa la pili katika shule ya Karing'a wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952, kisha ikazifunga shule huru za Wakikuyu. Chuo cha walimu cha Githunguri, ambacho wazazi walikichangia kwa kuku, mbuzi na senti za chai, kikafanywa mahali pa kunyongea watu. Baba alirudi darasani akiwa na miaka 17, akaketi na watoto wa miaka tisa. Mimi ni mwalimu wa historia, na mwaka jana nilipokuwa nikitayarisha somo nilisoma kwamba Kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia, Marekani, ilifunga shule zake zote za umma tangu 1959 hadi 1964 ili watoto Weusi wasiketi darasa moja na weupe. Nilimsomea Baba habari hiyo jioni. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wale watoto walikwenda wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mdogo wangu anayeishi Maryland aliponiambia atanilipia tiketi nimtembelee likizo ya Aprili, nilijua nitamwomba siku tano za kwenda Farmville, makao makuu ya kaunti hiyo.

Jumatano, 17 Aprili 2024. Silver Spring hadi Richmond

Mdogo wangu anafanya kazi ya kutunza wazee na hakupata ruhusa ya kunisindikiza. Alinifungia chapati nne na ndengu, akaniacha kituoni saa mbili asubuhi. Treni ya mjini, Laini Nyekundu, inakwenda moja kwa moja hadi Union Station, Washington. Hapo nikapanda treni ya Richmond kwa dola 34. Nilikuwa nimekata tiketi majuma mawili kabla; asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imepanda hadi dola 61, kwa hiyo mwenye kupanga safari hii asingoje siku yenyewe.

Jambo jingine: Richmond ina stesheni mbili. Ya Main Street iko katikati ya mji. Ya Staples Mill iko nje, upande wa kaskazini. Treni zote husimama hiyo ya nje, chache tu huendelea hadi mjini. Soma tiketi yako vizuri kabla ya kupanga malazi.

Tulipopita Fredericksburg treni ilisimama porini, tukakaa saa moja na dakika ishirini tukingoja treni za mizigo zipite. Aliyeketi kando yangu alikuwa mzee Mweusi aliyestaafu jeshi la majini, mwenyeji wa Petersburg. Nilimkaribisha chapati, akala mbili, akaniuliza naelekea wapi. Nilipotaja Farmville aliweka chini kipande kilichobaki. Akasema Mweusi wa umri wake aliyekulia Virginia hawezi kukosa kuijua Prince Edward. Mwaka wa 1959 darasani kwao waliletwa watoto wawili kutoka huko. Mmoja alilala kwa shangazi yake katikati ya juma na kurudi kwao siku za mapumziko. "Kila Jumatatu," akaniambia, "alikuja na macho mekundu, na mwalimu wetu hakumuuliza swali lolote hadi saa nne." Niliyaandika maneno yake hapo hapo. Sikutarajia jibu la Baba lianzie ndani ya treni.

Tulifika Staples Mill mvua ikinyesha. Dereva wa gari la kukodi kwa simu alisikia nikimpigia mdogo wangu, akageuka: "Mama, we unasema Kiswahili? Miye natoka Uvira!" Alikuwa ameishi Richmond miaka sita pamoja na mke na watoto wanne. Alinizungusha mjini akinionyesha wapi wanauza unga mweupe wa mahindi na samaki wakavu, na tulipofika alizima hesabu ya safari kabla haijafika mwisho. Nilimpa dola 5 juu yake akakataa kabisa. "Kesho ukikosa gari unaniita, mama. Aksanti sana ya kutukumbuka na Kiswahili."

Chumba: dola 84, bila kifungua kinywa.

Alhamisi, 18 Aprili. Richmond na Glen Allen

Asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi uwanja wa bunge la jimbo. Kuingia ni bure. Hapo kuna mnara wa haki za raia uliozinduliwa Julai 2008: jabali la mawe lililozungukwa na sanamu 18 za shaba. Upande mmoja wamesimama wanafunzi, na mbele yao msichana amenyoosha mkono juu. Ndiye Barbara Johns, aliyeongoza mgomo wa wanafunzi wa Farmville ulioanzisha yote, akiwa na miaka 16. Upande mwingine wamo mawakili wake, Oliver Hill na Spottswood Robinson, na upande mwingine Mchungaji L. Francis Griffin wa Farmville. Nimeona sanamu nyingi za majemadari na marais. Ya wanafunzi wa sekondari wakigoma sikuwahi kuiona. Sanamu ya Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa, iliyoiwakilisha Virginia ndani ya Bunge la Marekani kwa zaidi ya karne moja, iliondolewa Desemba 2020, na tume ya jimbo ikamteua Barbara Johns achukue nafasi hiyo.

Mchana nilimwita yule ndugu wa Uvira anipeleke Glen Allen, mwendo wa nusu saa. Wengi hupita sehemu hii bila kujua, ila Mkenya angefaa kusimama. Hapo alifundisha Virginia Randolph, binti wa wazazi waliozaliwa utumwani. Alianza 1892 katika shule ya chumba kimoja, na mwaka 1908 akawa mwalimu wa kwanza wa mpango wa Jeanes: mwalimu anayezunguka shule za Weusi vijijini akisaidia wenzake kwa ufundi, afya na kilimo. Fedha zilitoka kwa mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, aliyeacha dola milioni 1 kwa shule hizo. Mpango huo ndio uliovuka bahari. Baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kuzuru Afrika Mashariki 1924, Jeanes School ilifunguliwa Kabete mwaka 1925, na walimu wake wakazunguka shule za vijijini Kenya kama alivyozunguka Randolph. Majengo yale leo ni Kenya School of Government, na wanaohudhuria semina pale Kabete sijui kama wanaambiwa habari za mama huyu.

Mwaka ule wa 1908 Randolph na wanafunzi wake walipanda miti 12, aina yao ya mikuyu, mmoja kwa kila mtume. Baadhi ingali imesimama. Gome lake linabambuka mabamba mabamba, chini yake jeupe kama mfupa. Niliokota bamba moja nikaliweka ndani ya daftari.

Chakula cha jioni: samaki wa kukaanga, mkate wa mahindi, na majani mapana yaliyochemshwa muda mrefu na nyama ya moshi, dola 17. Nilionja nikajua: ni sukuma wiki, wenyewe wanayaita *collards*. Kwa asiyekula nguruwe, uliza kwanza, maana mara nyingi ndiyo nyama iliyomo. Wengine hutumia bata mzinga.

Ijumaa, 19 Aprili. Richmond hadi Farmville

Farmville haina treni ya abiria. Lazima gari. Hapa nilipoteza saa mbili, kwa sababu kampuni niliyokodi kwayo ilikataa kadi yangu ya benki na kudai kadi ya mkopo, jambo ambalo halikuandikwa kwenye uthibitisho niliotumiwa. Mdogo wangu ilibidi akodi upya kwa jina lake na kunisajili kama dereva wa pili. Ilifika dola 68 kwa siku pamoja na bima. Leseni yangu ya Kenya niliisindikiza na kibali cha kimataifa cha AA Kenya, na nashukuru, kwa maana walikiomba. Kuendesha upande wa kulia nilikuzoea ndani ya nusu saa, isipokuwa kwenye kukata kona ya kushoto, ambapo nilikuwa nikijisemea kwa sauti, "Kaa kulia, kaa kulia."

Njia ni barabara 360 kuelekea kusini-magharibi, kisha 307, kisha 460. Amelia nilipita bila kusimama. Misonobari, mashamba, makanisa madogo ya matofali, misonobari tena.

Nilifika saa saba. Jumba la makumbusho la Moton liko kwenye kona ya barabara kuu ya kusini na Griffin Boulevard, iliyopewa jina la yule mchungaji. Kiingilio ni bure, kuna sanduku la michango. Nilipokwenda walifungua mchana tu, saa sita hadi saa kumi, na Jumapili hawakufungua. Hakikisha kabla hujatoka Richmond.

Ni jengo la matofali mekundu, la ghorofa moja, dogo kuliko nilivyodhani. Nilisimama nje nikilipima kwa jicho la mwalimu. Ukumbi uko katikati, madarasa yamepangwa kuuzunguka. Lilijengwa 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180 na kupewa jina la Robert Russa Moton, aliyekulia kaunti hii na kuongoza chuo cha Tuskegee baada ya Booker T. Washington kufariki 1915. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya 450. Hapakuwa na maabara, bwalo wala jumba la michezo, wakati sekondari ya weupe mjini humo ilikuwa navyo. Masomo mengine yalifanyika ukumbini, madarasa mawili au matatu kwa pamoja, na mengine ndani ya basi lililoegeshwa.

Kaunti ilipobanwa iongeze nafasi, ikasimamisha mabanda nje: mbao nyembamba zilizofunikwa karatasi ya lami. Watu waliyaita mabanda ya kuku. Nilitazama picha zake muda mrefu. Kila banda lilikuwa na jiko. Aliyeketi karibu nalo alitokwa jasho, aliyeketi mbali alikaa na koti siku nzima. Mvua ikinyesha, paa lilivuja. Mimi nimefundisha chini ya mabati yanayovuja, najua mwanafunzi anavyosogeza daftari lake polepole bila kuacha kuandika, tone likifuata tone. Hilo ndilo lililonishika koo pale, kabla ya mambo ya mahakama na majaji.

Barbara Johns alimlalamikia mwalimu wake wa muziki kuhusu hali hiyo. Mwalimu akamuuliza kwa nini basi asifanye jambo. Msichana alichukua swali lile akalala nalo majuma kadhaa. Siku moja alikosa basi la asubuhi, na akiwa amesimama kando ya barabara basi la shule ya weupe likampita likiwa na viti vitupu. Akawakusanya wachache aliowaamini, wakiwemo mapacha John na Carrie Stokes, wakapanga kwa siri.

Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule alipigiwa simu akaambiwa wanafunzi wake wamo taabani kwenye kituo cha mabasi mjini. Alipoondoka, madarasa yakaletewa vikaratasi vyenye saini inayofanana na yake, vikiita shule nzima ukumbini. Pazia la jukwaa likafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa Barbara. Aliwaomba walimu watoke. Kisha akawaambia wenzake mambo waliyokuwa wakiyajua wote, ila hakuna aliyewahi kuyasema kwa sauti mbele ya wote. Wakatoka nje zaidi ya 450. Mgomo ulidumu majuma mawili. Hawakuvunja dirisha hata moja. Kwa mtu aliyefundisha Kenya, anayejua mabweni yetu yalivyoteketea mwaka baada ya mwaka, hilo si jambo dogo.

Ukumbi huo bado upo. Nilipanda ngazi za jukwaa nikasimama, nikatazama viti. Ukisimama pale unaona kila uso hadi mlangoni. Hakuna pa kujificha.

Usiku nililala moteli ya dola 92. Nilikula ndengu zilizobaki.

Jumamosi, 20 Aprili. Farmville na Darlington Heights

Kifungua kinywa kwenye mkahawa mdogo, mayai na mkate, dola 9. Mama aliyehudumu alipojua nimetoka Kenya kwa ajili ya Moton alileta kahawa ya pili bila kuiandika kwenye bili, na akanichorea ramani nyuma ya karatasi ya oda.

Nilianza na First Baptist, kanisa la Mchungaji Griffin. Hapa ndipo mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walipokutana na wazazi. Wanafunzi walikuwa wakidai shule mpya tu, nzuri kama ya weupe. Mawakili wakawaambia hawatachukua tena kesi ya kudai mabanda bora. Wakitaka, wadai kuvunjwa kwa utaratibu mzima wa kutenganisha watoto kwa rangi. Wazazi wakakubali, huku wakijua watafukuzwa kazi na kunyimwa mikopo. Kesi ilifunguliwa 23 Mei 1951, jina la kwanza likiwa la Dorothy Davis, msichana wa miaka 14, pamoja na wanafunzi wengine zaidi ya mia. Ikaunganishwa na nyingine nne zikawa kesi ya Brown, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Kati ya kesi tano hizo, ni hii peke yake iliyoanza kwa mgomo wa wanafunzi.

Vitabu vyetu vya historia, kwa kawaida, huishia 1954 na furaha. Farmville ndipo nilipoelewa kwamba kwa watoto wa hapa 1954 haikuwa mwisho wa lolote. Wakubwa wa Virginia waliapa kupinga kwa nguvu zote. Mahakama ilipoamuru mwaka 1959 kaunti ichanganye shule, bodi ya kaunti, tuseme kama bunge letu la kaunti, ikakataa kuzitengea shule hata senti moja. Milango ikafungwa. Watoto weupe wakafunguliwa shule ya binafsi, wakasaidiwa karo kwa fedha za umma. Watoto Weusi wapatao 1,700 wakabaki nje.

Nilirudi makumbusho saa sita. Siku hiyo alikuwepo mama mmoja mtu mzima, mwenyeji, anayekuja kuzungumza na wageni. Alizaliwa 1952. Sitaandika jina lake, ila aliniruhusu kuandika maneno yake. Nilimwambia kuhusu Baba na Githunguri, na swali lake. Alinishika mkono juu ya kiwiko.

"Mwambie baba yako wengi wetu hatukwenda popote. Tulikuwa hapa hapa."

Tukaketi. Alikuwa na miaka saba shule zilipofungwa. Mama yake alimwambia ni kwa muda mfupi, labda hadi Krismasi. Kaka yake mkubwa alipelekwa kwa jamaa North Carolina, na hakurudi tena kuishi nyumbani. Hata mazishi ya mama yao alikuja kama mgeni, akalala hotelini. Dada yao alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize. Wengine wa umri huo walikwenda kusomea Kittrell, chuo cha kanisa huko North Carolina, na Maquaker, Wakristo wa Kanisa la Marafiki, waliwatafutia wengine nyumba za kukaa katika majimbo mengine. Dada yake alikaa nyumbani akafanya kazi ya kufua.

Yeye mwenyewe aliwafuata wazazi kwenye shamba la tumbaku. Kulikuwa na madarasa ya kujitolea kwenye vyumba vya chini vya makanisa, lakini kwao kulikuwa mbali. Bibi yake hakujua kuandika, ila alijua herufi chache kutoka kwenye Biblia, akamchorea kwa kijiti kwenye udongo mlangoni mwa ghala la kukaushia tumbaku. Aliponieleza hayo aliinama akachora sakafuni kwa kidole, hewani kidogo juu ya ubao, herufi moja: duara, kisha mkia. "Miaka minne," akasema, "nilikuwa na herufi kumi na moja. Nilizihesabu kila jioni nisizipoteze."

Septemba 1963 zilifunguliwa Free Schools, shule za muda zilizochangiwa fedha kwa msaada wa serikali ya Rais Kennedy. Watoto hawakupangwa kwa umri bali kwa kile wanachokijua, na hivyo akawekwa na watoto wa miaka sita. Alikuwa na miaka 11. Alikuwa mrefu kuliko mwalimu. Nikamwambia kuhusu Baba na miaka yake 17. Hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, mara kadhaa.

Tarehe 25 Mei 1964 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kaunti haiwezi kufunga shule za umma huku ikizisaidia za weupe, na shule zikafunguliwa vuli ile. Miaka ikapita. Mwaka 2003 waliokosa kumaliza walitunukiwa vyeti vya heshima. Dada yake alikipokea chake akiwa na miaka 61. Mwaka 2004 jimbo likaanzisha mfuko wa kuwasomesha wale walionyimwa shule. Baadhi waliutumia. Kwa wengine, alisema, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyeacha kusoma akiwa na miaka minane haanzii chuo kikuu.

Jengo la Moton lilikuwa limegeuzwa shule ya msingi, ikaendelea hadi 1995. Kaunti ilipotaka kuliondoa mikononi, akina mama wa Martha E. Forrester Council, chama cha wanawake Weusi wa hapa, walichangisha wakalinunua. Makumbusho ilifunguliwa 23 Aprili 2001, miaka hamsini kamili tangu mgomo. Nikitazama vyama vyetu vya akina mama vinavyochangia mazishi na matangi ya maji, najua wanaweza kuokoa jengo pia. Githunguri hawakupewa nafasi hiyo.

Alasiri niliendesha maili kama 15 hadi Darlington Heights, alikokulia Barbara. Barabara nyembamba, inapanda na kushuka, simu haishiki mtandao. Pakua ramani mapema. Baada ya mgomo wazazi walimpeleka Montgomery, Alabama, kwa ami yake Vernon Johns, aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue kabla ya Martin Luther King Jr. Mwaka 1955 nyumba ya familia iliteketea. Barbara aliishi maisha ya kimya, akawa mkutubi Philadelphia, akafariki 1991.

Nilirudi mjini kiza kikianza. Kwenye mnara wa kengele wa mahakama ya kaunti kuna taa ndogo iliyowekwa 2008, bodi ya kaunti ilipoomba msamaha kwa kufunga shule. Nilidhani itakuwa kubwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara hadi baridi iliponishinda.

Jumapili, 21 Aprili. Kurudi

Farmville hadi Richmond, kurudisha gari, treni ya alasiri, Silver Spring saa nne usiku. Mafuta ya gari kwa safari nzima: dola 31. Jumla ya siku tano, bila tiketi ya ndege, dola 640 na kitu, kubwa zaidi zikiwa malazi na gari. Wawili mkigawana gari na chumba mtatumia chini ya hapo sana.

Nakuru

Nilifika nyumbani mafuriko yakiwa yameshika nchi. Shule zilizokuwa zifunguliwe 29 Aprili ziliahirishwa, zikaahirishwa tena, hadi 13 Mei. Majuma mawili. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakinitumia ujumbe kila siku kuuliza tutafidiaje.

Nilikwenda kwa Baba siku ya pili. Nilimwonyesha picha moja moja. Mabanda ya karatasi ya lami aliyarudia mara tatu, akauliza kama ni serikali iliyoyajenga. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Yetu ilikuwa ya udongo, lakini ilikuwa imesimama wima." Kisha nikamweleza kuhusu mama yule na herufi kumi na moja kwenye udongo wa ghala la tumbaku.

"Kwa kijiti?"

"Kwa kijiti, Baba."

Alivuta suruali hadi juu ya goti, akakwaruza paja kwa ukucha: mstari mmoja kwenda chini, mwingine ukaukata. Ngozi yake ni kavu, mstari ukabaki mweupe.

"Sisi," akasema, "tuliandika hapa."